Kamera ya mfukoni au DSLR? Hesabu ngumu kwa wapiga picha wa Meru na Embu

KILA ifikapo Agosti na Desemba, shule zinapofungwa na waliohamia mijini wanaporejea nyumbani, barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi mjini Meru hujaa magari yaliyopambwa kwa utepe na maua. Huu ndio msimu wa harusi na wa kulipa mahari. Ni msimu pia wa mpiga picha, yule ambaye miezi mingine hujikimu kwa picha za pasipoti, za ubatizo na za wanafunzi wanaohitimu.

Ndipo swali lile lile huzuka upya. Je, mtu aliyeianza kazi hii kwa kamera ndogo ya mfukoni, au kwa simu kama ilivyo ada siku hizi, atumie akiba yake kununua DSLR, ile kamera nzito nyeusi yenye lenzi za kubadilishwa ambayo wengi huiita tu "kamera kubwa"?

Wengi hulijibu swali hili kwa macho badala ya hesabu. Wageni humpisha mwenye kamera kubwa na kamati ya harusi humwita "mpiga picha rasmi", ilhali mwenye kamera ndogo hudhaniwa kuwa binamu wa bwana harusi. Heshima hiyo ina thamani yake sokoni, wala si busara kuibeza. Hata hivyo, fedha zinazohusika si haba. Kwa kijana wa Maua au Siakago ni karo ya mtoto, pengine ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Akikosea, msimu hupita na deni likabaki.

Herufi DSLR ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yanayoeleza muundo wa kamera yenyewe: ni ya dijitali, ina lenzi moja, na ndani yake mna kioo kinachoakisi. Mwanga huingia kupitia lenzi, hugonga kioo kilichoinamishwa, kisha hupanda hadi kwenye dirisha dogo ambamo mpiga picha hutia jicho. Anapobonyeza kitufe, kioo hujikunja juu, pazia hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde na mwanga huangukia kitambuzi, yaani kile kibamba kilichochukua mahali pa filamu. Mlio ule wa kamera unaosikika kanisani wakati wa viapo ni kioo hicho kikipanda na kushuka.

Kampuni ya Kodak ndiyo iliyoingiza sokoni DSLR ya kwanza mwaka wa 1991, ikitumia umbo la kamera ya filamu ya Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3 tu, na bei yake haikuweza kufikiwa na mtu wa kawaida popote duniani. Nikon ilifuata kwa D1 mwaka wa 1999. Mlango ulifunguka hasa mwaka wa 2003, Canon ilipotoa EOS 300D kwa bei iliyokuwa chini ya dola 1,000 nchini Marekani. Kabla ya kamera za dijitali kuenea, mpiga picha wa kijijini alihesabu kila picha, kwa kuwa filamu ilikuwa na nafasi 36 na kuisafisha kulikuwa gharama nyingine.

Basi kamera kubwa huipita ndogo kwa lipi? Jibu ambalo wauzaji hupenda kutoa ni megapikseli, na ndilo jibu dhaifu kuliko yote. Kamera nyingi za mfukoni za miaka ya 2010 zilikuwa na megapikseli 16 au 20, nyingi kuliko DSLR kadhaa za kazi zilizotangulia. Tofauti ya kweli imo katika ukubwa wa kitambuzi. Kile cha kamera ya kawaida ya mfukoni huwa na upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, sawa na ukucha wa kidole kidogo cha mtoto. Kile cha DSLR ya bei nafuu ya Nikon ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha, utaona kwamba cha pili kina eneo mara 13 hivi ya cha kwanza. Kwa mwangaza ule ule na tundu la lenzi lile lile, kitambuzi kikubwa hukinga mwanga mwingi zaidi, mithili ya mwenye sufuria na mwenye kikombe waliosimama kwenye mvua moja.

Mtu anayepiga picha nje saa nne asubuhi huenda asiione tofauti hiyo kamwe, kwani jua la ikweta, ambayo hupita karibu kabisa na mji wa Meru, linatosha kujaza kikombe na sufuria pia. Tofauti hujitokeza kanisani. Makanisa mengi ya mashambani, kuanzia Igembe hadi Mbeere, yana madirisha madogo na taa chache, na maharusi husimama mbele kabisa, mahali palipo na giza kuliko kwingine. Hapo kamera ndogo hulazimika kuacha pazia wazi kwa muda mrefu, na mkono wa bi harusi unaovishwa pete hutoka kama ukungu. Ama sivyo huongeza kiwango cha ISO, na uso ukajaa chembechembe. Flashi yake ndogo hufika mita chache tu, hung'arisha mapaji ya walio mbele na kuwaacha wa nyuma gizani.

Kuna jambo lingine ambalo maelezo ya kiwandani hayaligusi sana, nalo ni ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe. Kipima mwanga cha kamera hujaribu kuleta kila kitu kwenye kiwango cha kati. Gauni jeupe linapojaza picha, kamera hudhani kuna mwanga kupita kiasi, hupunguza, na nyuso za maharusi huwa kivuli. Dawa ni kuongeza mwanga kwa mkono ikibidi, na kuhifadhi picha kama faili ghafi. Picha ya kawaida ya JPEG huwa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 huwa na ngazi 16,384. Ngazi hizo za ziada ndizo humwezesha fundi kuurudisha uso kutoka gizani kwenye kompyuta bila kuchoma shela. Karibu kila DSLR hutoa faili ghafi. Kamera nyingi za mfukoni za bei ya chini hazitoi, ingawa simu kadhaa za kisasa sasa hutoa.

Zaidi ya mwanga kuna kasi. Aliyewahi kutumia kamera ya mfukoni anaijua adha ya kubonyeza kitufe, kisha kungoja kamera itafute ulengaji wake huku keki ikiwa imeshakatwa. DSLR ina kifaa maalumu cha kulenga, na mara nyingi hukamilisha kazi hiyo kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa anayepiga picha za mechi katika Uwanja wa Kinoru mjini Meru, au za riadha za shule mjini Embu, sababu hii peke yake yaweza kutosha.

Jambo la betri nalo hupuuzwa mno. Nikon D3500, iliyotoka mwaka wa 2018, ilikadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, kwa sababu dirisha la kioo halili umeme. Kamera za mfukoni kwa kawaida hukadiriwa kati ya 200 na 300. Mahali ambapo stima hupotea asubuhi na kurudi jioni, hilo laweza kuamua kama picha za mwisho za sherehe zitapigwa au la.

Pamoja na sifa hizo, zipo kazi ambazo kamera ndogo huzifanya vizuri, na nyingine huzifanya vizuri kuliko kubwa. Mfano wa kwanza ni picha ya adhuhuri. Jua linapokuwa utosini, macho hufunikwa na vivuli vya paji la uso, na dawa yake ni flashi ya kujaza. DSLR nyingi haziwezi kutumia flashi ya kawaida pazia linapokwenda kwa kasi ya kuzidi takriban 1/200 ya sekunde, isipokuwa kwa flashi ya gharama zaidi. Kamera nyingi za mfukoni, kwa kuwa pazia lao liko ndani ya lenzi, hazina kikwazo hicho. Mpiga picha anayewasimamisha wahitimu wa Chuo Kikuu cha Embu juani, mita mbili mbele yake, anaweza kupata nyuso safi kwa kamera ndogo kuliko jirani yake mwenye kamera ya bei mara tano.

Mfano wa pili ni Mlima Kenya. Embu iko kusini mashariki mwa mlima na Meru iko kaskazini mashariki, kwa hivyo wenyeji wa pande zote mbili huuona uso unaopigwa na jua la asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu hivi, mawingu yakiwa hayajapanda, kilele cha Batian chenye kimo cha mita 5,199 hung'aa waziwazi. Hapo hakuna anayekimbia wala giza la kupambana nalo. Kamera ya mfukoni iliyotulizwa juu ya ukuta hutoa picha inayofaa kalenda. Apandaye kwa njia ya Chogoria akiwa na mzigo mgongoni atashukuru kwamba kamera yake haifiki hata nusu kilo.

Mfano wa tatu huwashangaza wengi. Katika Hifadhi ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1966 na inayojulikana duniani kwa kisa cha simba Elsa aliyelelewa na Joy na George Adamson, nyasi ni ndefu na wanyama mara nyingi huwa mbali na barabara. Mgeni aliyekuja na DSLR yenye lenzi ya 18–55 iliyouzwa pamoja nayo hurudi na picha za nyasi, na faru akiwa nukta ya kijivu. Jirani yake mwenye Nikon P900 ya mwaka wa 2015, ambayo ni kamera ya lenzi isiyobanduka na yenye kitambuzi kidogo, hufikia upeo unaolingana na lenzi ya milimita 2,000. Picha yake haitakuwa na ulaini wa ile ya lenzi ndefu ya kitaalamu, na jua likizama itamshinda. Lakini mchana, twiga wa madoa ya wavu na punda milia wa Grevy watajaa kwenye picha. Kupata upeo huo kwa DSLR hakuwezekani kwa bajeti ya mtu wa kawaida.

Hapo ndipo ulipo mtego mkubwa wa ununuzi huu. DSLR bila lenzi ifaayo ni gari lisilo na magurudumu. Lenzi ya 18–55 inayofungwa pamoja na kamera mpya huwa na tundu la f/3.5 upande wa karibu, na hushuka hadi f/5.6 unapoivuta. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi za Canon na Nikon, hupitisha mwanga takriban mara kumi ya f/5.6. Mtu aliyenunua umbo la kamera ghali na kubaki na lenzi ya kiwandani amelipia sehemu isiyoamua sana. Mwenye umbo kuukuu, lenzi ya 50 na flashi inayoweza kugeuzwa ili mwanga wake uguse dari nyeupe kwanza, atamshinda katika ukumbi wowote wa Meru. Chini ya hema mambo hubadilika: mwanga ukigonga turubai la kijani, nyuso zote hugeuka kijani, na ni heri kutafuta ubavu ulio wazi.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa mfano tu, chukua mpiga picha ambaye kifaa chote kitamgharimu Sh90,000, yaani umbo la kamera la mitumba, lenzi mbili, flashi, betri ya akiba na kadi mbili za kumbukumbu. Kwa kamera yake ndogo, kila sherehe humwachia Sh4,000 baada ya nauli na kusafisha picha. Kwa kamera kubwa anatarajia kubaki na Sh7,000. Wengi hugawanya 90,000 kwa 7,000 na kufurahi kwamba sherehe 13 zitatosha. Hilo ni kosa. Faida iliyoletwa na kamera mpya ni Sh3,000 tu kwa kila sherehe, kwa hivyo anahitaji sherehe 30. Akipata 12 kwa mwaka, itamchukua miaka miwili na nusu, na kabla ya muda huo kwisha huenda flashi imeshaungua.

Mizani hugeuka ikiwa kamera hiyo itamletea kazi ambazo hapo awali hakuzipata kamwe, kama vile ibada za usiku, mahafali ya ndani, picha za hoteli au video fupi za vyama vya ushirika vya kahawa na chai. Kwa hivyo anapaswa kujiuliza ni kazi ngapi alizikataa au alizoharibu mwaka uliopita kwa sababu ya kamera. Aliyezihesabu zikafika kumi ana sababu ya kununua. Asiyekumbuka hata moja ana hamu, na si dhambi kuwa na hamu, mradi isilipiwe kwa mkopo.

Kuhusu mkopo, kipindi cha kulipa ni muhimu kuliko riba. Mkopo wa binafsi wa Hazina ya Hustler, ulipozinduliwa Novemba 2022, ulitakiwa kurejeshwa katika siku 14. Muda kama huo wamfaa muuza mboga anayezungusha bidhaa sokoni kila wiki, wala haumfai mtu anayenunua chombo kitakachojilipia baada ya misimu miwili. Chama cha akiba na mikopo kinachokubali malipo ya mwaka mmoja au zaidi ni afadhali. Njia nyingine ni kukodi kamera kwa harusi moja kabla ya kununua, na kuzilinganisha picha zake na zile za kamera ya zamani.

Kuna suala jingine lililojitokeza katika miaka ya karibuni. Canon na Nikon, zilizolitawala soko hili, hazijazindua DSLR mpya tangu mwaka wa 2020. Nguvu zao zimeelekezwa kwenye kamera zisizo na kioo, ambazo kampuni zote mbili zilizipa mfumo mpya wa lenzi mwaka wa 2018. Soko zima limesinyaa: takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani zaonyesha kwamba kamera za dijitali zilizosafirishwa mwaka wa 2010 zilizidi milioni 120, lakini mwaka wa 2023 hazikufika milioni nane. Simu ndiyo iliyoimeza kamera ya mfukoni, japo baadhi ya vijana wa ng'ambo wameanza kuzitafuta tena kwa ajili ya ule mwonekano wa kale.

Mtu asihitimishe kutokana na hayo kwamba DSLR imekufa. Kwa mnunuzi wa Meru au Embu, hali hii ni neema kwa kiasi fulani, kwani wataalamu wanaohamia kamera zisizo na kioo huuza walizokuwa nazo, na lenzi za Canon EF, mfumo ulioanza mwaka wa 1987, zimejaa katika soko la mitumba. Kamera isiyo na kioo ni nyepesi, haina kelele kanisani na hufuata macho ya anayepigwa picha kwa usahihi wa kushangaza. Lakini nyingi za bei ya chini hukadiriwa kupiga picha 300 au 400 tu kwa chaji moja, na lenzi zake bado ni ghali. Mwenye fedha za kutosha kununua kifaa kipya aichague hiyo. Mwenye bajeti ya mitumba atapata mengi zaidi kwa DSLR.

Ukubwa wa kamera haumpi mtu idhini ya ziada. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Mpiga picha anayeweka kazi zake za shuleni mtandaoni ili kuonyesha kamera yake mpya yafaa aikumbuke sheria hiyo ya mwaka wa 2019.

Anayeamua kununua ya mitumba asilipe kabla ya kuikagua juani na gizani. Kwanza auulize umri wa pazia: Nikon D7200, mathalan, ilijaribiwa kwa mibofyo 150,000, na anayepiga picha 1,000 kwa kila harusi ataifikisha hapo baada ya harusi 150. Zipo programu zinazosoma hesabu hiyo kutoka kwa picha yenyewe kwa kamera nyingi. Kisha aivue lenzi na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizohifadhiwa kwenye mifuko ya ngozi katika maeneo ya baridi na ukungu kama miteremko ya Nyambene na Chogoria. Kwa kamera iliyofanya kazi upande wa Mbeere na Ishiara, aangalie vumbi: apige picha ya anga jeupe kwa tundu dogo la f/16, na madoa meusi yatajitokeza. Vumbi husafishwa na fundi kwa gharama ndogo. Kuvu ikishakula kioo cha lenzi, hairekebishiki, na muuzaji anayesema "itatoka tu ukiipangusa" yafaa arudishiwe lenzi yake.